Picha Haikufika Makomeno

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Léonard hupangusa vumbi kwenye modemu iliyo juu ya kabati la sebuleni, kando ya sanamu ya Bikira Maria, kisha husimama kidogo kuhakikisha kwamba taa yake ya kijani inawaka. Nyumba ni ya marehemu mama yake, Mama Léonie, katika mtaa wa Makomeno. Modemu hiyo haitumiwi tena na mtu. Hata hivyo Léonard huilipia intaneti, hupangusa, huangalia.

Yeye ni mhandisi wa kampuni moja ya intaneti mjini Lubumbashi. Waya mkubwa wa kampuni unaingia nchini upande wa Sakania. Zamani, ulipokatika, wateja wote walikimbilia waya mdogo wa kaskazini, na papo hapo mji mzima ukazimika. Ilikuwa kama malori kwenye barabara ya Kasomeno wakati wa mvua: kikibaki kipande kimoja kikavu na kila dereva akataka kuwa wa kwanza, hakuna anayepita.

Léonard ndiye aliyeyapanga malori hayo. Alitunga mfumo ambao, waya ukikatika, wenyewe huzipa njia hospitali kwanza, kisha benki, kisha ofisi. Nyumba za watu hubaki na ujumbe na sauti tu, bila picha. Na hakuna wa kupendelewa. Tajiri mmoja wa Butembo, muuzaji wa jumla, alikuja na kreti za vinywaji akiomba duka lake la hapo mjini liwekwe pamoja na hospitali. Aliondoka na kreti zake. Guelor, kijana aliyefanya kazi meza moja na Léonard, mkuu wake, alicheka mpaka machozi.

“Chef, ata malaika akikuomba, utamutuma ku mustari.”

Léonard aliupenda utani huo wa malaika kupanga foleni kuliko alivyoonyesha.

Mwaka huo Mama Léonie alipigwa na kiharusi. Usemi ulimpotea, yakabaki macho na mkono wa kushoto. Mdogo wake Léonard, Céline, aliyeolewa Ubelgiji, alijifungua mtoto wa kike na kumpa jina la bibi yake. Kwa familia ile, mtoto kama huyo ni majina wako, mwenye jina lako, na huwezi kumwachia jina bila kumtazama usoni. Wakakubaliana kwamba Jumapili ya ubatizo Céline atampigia mama simu ya picha kutoka kanisani kule Ubelgiji.

Jumapili hiyo Annie, dada yao aliyemtunza mama, alimvika kitenge cha akina mama wa Kikatoliki, akamfunga kilemba, akamkalisha mbele ya simu. Mchana, karibu na Sakania, mashine ya kutengeneza barabara ilikata waya. Léonard aliitwa kazini. Alipofika, mfumo wake ulikuwa umekwisha kupanga kila kitu. Hospitali zilikuwa na njia, mji haukuzimika, na Guelor alikuwa akitafuna karanga, akisema leo hata wao hawana kazi.

Annie akapiga. Alisema picha haifunguki, sauti peke yake ndiyo inapita, na mama anautazama tu ule weusi wa simu. Alimwomba kaka yake afanye kitu. Léonard alikuwa na orodha mbele yake. Kuihamisha namba ya nyumba yao kwenye kundi la hospitali ilikuwa kazi ya kuandika mstari mmoja tu kwenye kompyuta. Aliinua macho, akakutana na ya Guelor. Akamwambia Annie wasubiri, waya utatengenezwa.

Kule kanisani Céline alisikia pumzi za mama yake, akamsikilizisha mtoto akilia. Ndiyo yote waliyopeana.

Waya ulirudi kesho yake asubuhi. Mkurugenzi alimpongeza Léonard mbele ya wote. Lakini usiku kiharusi kilikuwa kimerudi, na Mama Léonie hakufumbua macho tena. Alizikwa wiki hiyo hiyo, amevikwa kitenge kile kile.

Céline alikuja baadaye, wakati wa baridi na vumbi, mtoto akiwa tayari anatembea. Asubuhi ya kwanza alimkuta kaka yake mbele ya kabati, kitambaa mkononi. Watu walikuwa wamemwambia Céline kwamba mfumo ulikuwa mgumu, kwamba mashine haisikilizi mtu, naye aliwajibu wote vizuri. Sasa alimpakata mtoto, akamwacha kaka yake amalize kupangusa, ndipo akamwita kama mdogo amwitavyo kaka mkubwa, akauliza.

“Yaya, siku ile, ulikuwa unaweza kutufungulia?”

Léonard alikikunja kitambaa. Alimtazama mtoto, ambaye alikuwa na paji la uso la mama yao.

“Nilikuwa naweza,” alisema. “Guelor alikuwa ananiangalia. Nikaona haya.”