Mlango wa Gari Husindikizwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti asubuhi na mapema nikiwa na ndoo, kipande cha sabuni na kaptula ya shule ambayo Mama alikwisha kuikatia tamaa. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Sasa nina kumi na sita, nimestaafu, na nimeona vyema niwaandikie ninyi wadogo zangu wa madarasa ya chini, mpate kujua kazi ilivyofanyika zamani zetu, yaani likizo kubwa iliyopita. Vijana wa leo mnataka cheo kabla ya ndoo. Sisi tulianza na ndoo.

Kazi yenyewe ilikuwa kuuza gari la Papa. Lilikuwa familiale. Kwa wale ambao hawakubahatika kuliona, familiale ni gari refu la safu tatu za viti: mbele ni gari, nyuma ni nyumba. Rangi yake ni ya maziwa yaliyodondoshewa chai kidogo. Umri wake unanizidi, lakini mtu angetuona pamoja angesema mimi ndiye niliyetumika zaidi. Ndani mwake hamkuwahi kuliwa karanga. Kisahani cha majivu hakijui majivu ni nini. Siku tulipohama Goma kurudi huku Gisenyi lilibeba watu wanane, magodoro na jogoo mmoja, na jogoo peke yake ndiye aliyetandikiwa gazeti.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mkurugenzi, yaani Papa. Alikuwa shofa, dereva, maisha yake yote, na kwa miaka miwili ukungu ulikuwa umemwingia machoni, ule ugonjwa wa mtoto wa jicho. Aliacha kuendesha siku aliposimamisha gari amwachie mama mmoja avuke barabara. Akamngoja, akamngoja, akampungia mkono avuke tu. Yule mama alikuwa mgomba. Daktari alisema macho hayo yanapasuliwa na mtu anaona tena vizuri, ila hospitali iko mbali, inataka pesa, na yasiachwe yakaiva kupita kiasi. Pesa hatukuwa nazo. Tulikuwa na gari. Kwa hiyo mambo yalisimama hivi: Papa akiwa na gari hana macho, akipata macho hana gari. Mama, ambaye alikuwa Waziri wa Fedha, alikwisha kuchagua macho.

Basi siku hiyo ya kwanza nikamwaga maji kwenye kapo, yaani kile kifuniko cha motere au injini, nikaanza kusugua. Mkurugenzi alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, uso kaupeleka kwingine.

“Umeanzia wapi?” akauliza.

“Kwa kapo, Papa.”

“Na we ukioga unaanza kwa magoti?”

“Hapana, Papa.”

“Bon. Maji inashuka, haipandi. Anza juu.”

Nikaanza upya, kutoka kwenye galeri, ule uchaga wa chuma wa kufungia mizigo juu ya paa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba nafanya kazi chini ya mtu asiyeona kitu na asiyepitwa na kitu. Nilipomaliza kufuta ndani nikatoka na kuufunga mlango kama watu wote wanavyofunga milango ya magari. Paa!

Papa akaruka kitini. “Gaspard aliyenipa gari!”

Hiki ni kiapo, na lazima nikieleze. Kwetu mtu aliyepewa ng'ombe huapa kwa jina la aliyempa, maisha yake yote, hata akijikwaa kidole. Papa hakupewa ng'ombe. Alipewa familiale na kaka yake mkubwa, marehemu baba mkubwa Gaspard, na tangu siku hiyo humtaja kila anaposhtuka.

“Mulango ya gari haipigwi,” akasema alipotulia. “Mulango inasindikizwa. Kama mugeni. Mugeni akienda unamusukuma inje?”

“Hapana.”

“Unamufikisha kwa barabara. Donc, weka kiganja, sindikiza mupaka usikie.”

Nikaweka kiganja, nikasindikiza. Mlango ukasema tik, halafu tok. Papa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonjeshwa mchuzi ukamkubali.

Baada ya majuma machache ya ndoo nilipandishwa cheo, nikawa komisioneri, yaani mtu anayesimama katikati ya mwenye gari na mwenye kulitaka, akisifia pande zote mbili. Kituo changu kilikuwa barabara kuu, karibu na soko. Jirani yetu, shofa wa minibus, ambaye nilimwita Mkuu wa Usafiri, alilileta gari kila asubuhi kabla ya safari zake na kulirudisha jioni. Mimi nilisimama mbele nikiwa na kartoni iliyoandikwa À VENDRE, yaani linauzwa. Papa alikaa kiti cha mbele, kofia magotini, akingoja kusikiliza.

Maana utaratibu wa Mkurugenzi ulikuwa wa pekee. Wauzaji wengine husikiliza bei. Yeye alisikiliza mlango.

Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa ofisi, koti zuri, kalamu mbili mfukoni. Akalizunguka gari, akalipiga tairi teke (wote hupiga tairi teke, sijui tairi zimewakosea nini), akaingia, akatoka. Paa!

“Haiuzwi,” akasema Papa.

“Pardon? Na kartoni hii?”

“Kartoni ni ya mutoto.”

Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa viazi wa Kanama, mtu mcheshi, mwenye tumbo la kuaminika. Huyu hata bei hakuipinga. Akafunga mlango wa nyuma kwa kisigino. Papa akaapa kwa Gaspard mara mbili, nami nikajua biashara imekufa.

Jioni hiyo Waziri wa Fedha alikuja juu. Mama akikasirika hapandishi sauti. Anakunja kanga, anaikunjua, anaikunja tena.

“Baba Espoir,” akasema. Espoir ni mimi. “We unauza gari ama unaoza binti?”

“Mutu anayepiga mulango atapiga na motere.”

“Apige! Itakuwa motere yake! Macho yako iko naiva kama avoka, we unakaa nasikiliza milango?”

“Gari hii nilipewa, sikuipata kwa barabara. Kitu ya kupewa haitupwe kwa mutu yeyote.”

“Na macho ulipewa na nani? Uliokota?”

Papa akapapasa ukutani akitafuta fimbo yake, na fimbo ilikuwa upande mwingine, karibu kabisa na mguu wake. Mama akaiona, mimi nikaiona. Hakuna aliyecheka, hata mimi, na mnanijua.

Usiku sikulala vizuri, na asubuhi niliamka na mpango. Kama Mkurugenzi anasikiliza mlango, basi komisioneri mwenye akili huwafundisha wateja mapema. Alipotokea mwalimu mmoja aliyelitaka gari kwa moyo wote, nilimvuta nyuma ya kibanda cha soda nikampa somo: kiganja, sindikiza, tik, tok. Nilimfanyisha mazoezi kwenye mlango wa kibanda mpaka mwenye kibanda akauliza kama tunataka kununua mlango au soda.

Mwalimu akaingia garini, akatoka, akasindikiza. Tik. Tok. Safi kabisa. Nikaanza kuhesabu milima ya kwenda hospitali.

Papa akainua kichwa. “Muzuri sana. Nani alikufundisha?”

Ninyi mnajua shida ya walimu. Ukimwuliza swali, anajibu.

“Huyu kijana wako, mzee. Amenifundisha vizuri kabisa.”

Papa alicheka, na kucheka kwake kulikuwa kubaya kuliko kuapa. Akamwambia mwalimu aende na amani. Halafu akaniambia, polepole, “Ningetaka mutu mwenye kuigiza, ningeenda kwa teatre.” Nikashushwa cheo siku hiyo hiyo, nikarudi kwenye ndoo.

Likizo ilikuwa ukingoni, vumbi la kiangazi limejaa kila mahali, ndipo Mama alipotoa amri ya kuhamisha kituo. Akasema Gisenyi mjini wote wamekwisha kufukuzwa, waliobaki ni mbwa. Twende Rubona, bandarini: kule kuna wafanyakazi wa kiwanda cha bia, kuna wenye mitumbwi, kuna watu wapya ambao bado hawajatukanwa. Mkuu wa Usafiri akatupeleka, akaliegesha gari mahali ambapo wanawake wauza samaki hupanga mabeseni yao, akaenda zake.

Asubuhi nzima hakuja mtu. Wafanyakazi wa kiwanda walipita, wakalisifia, wakaendelea. Saa za alasiri mbingu ikafungwa juu ya ziwa, na mvua ya kwanza ya msimu ikashuka bila hodi. Watu wakakimbia na mabeseni kichwani. Mwanamke mmoja akabaki katikati akizunguka, beseni la sambaza mkononi, wale samaki wadogo wa ziwani, na mtoto amelala mgongoni.

“Nani anapiga kelele ya miguu hivi?” Papa akauliza.

“Mama mmoja, muuza samaki. Ana mtoto mugongoni, hana pa kujificha.”

“Na we unamuangalia kama sinema? Mufungulie!”

Nikamfungulia mlango wa nyuma. Wadogo zangu, mjue nilifungua mlango wa gari lisilojua karanga, likaingia beseni la samaki. Nilifumba macho. Yule mama akakaa kwenye ukingo wa kiti, akiomba radhi kwa ajili ya maji, na matope, na harufu, na mvua yenyewe.

“Kaa vizuri, mama,” Papa akasema. “Unaitwa nani?”

“Mama Zawadi, mzee. Zawadi ndiye huyu. Akilala hivi ni neema, usiku muzima amelia meno.”

Wakaongea kuhusu meno mpaka mvua ikapungua. Alipoona wanunuzi wanarudi, Mama Zawadi akamfungua mtoto mgongoni na kumlaza kwenye kiti cha nyuma, juu ya kitambaa cha kufunikia kiti alichokifuma mama yangu. “Mzee, dakika kidogo tu, nihudumie bale batu. Usimuamushe.” Akateremka na beseni lake. Halafu, kwa sababu mtoto alikuwa amelala, akaweka kiganja mlangoni akausindikiza, polepole, ameshika pumzi.

Tik. Tok.

Papa akageuza kichwa. “Espoir. Nani amefunga mulango?”

“Mama Zawadi.”

“Ulimufundisha?”

“Papa, mimi niko kwenye ndoo. Kweli ya Mungu.”

Mvua ilikuwa inadondoka moja moja kwenye paa. Mama Zawadi aliporudi kumchukua mtoto, Papa akamwuliza samaki wake huwafikishaje sokoni.

“Kwa minibus, mzee. Shofa anatutukana, eti tunanuka. Tuko banawake tatu. Tumeweka pesa pamoja tangu muda tutafute gari yetu, hata ya kizee.”

“Hii hapa iko nauzwa.”

Mama Zawadi akacheka, kisha akaona Papa hacheki.

“Papa,” nikamnong'oneza, “samaki! Samaki humu ndani!”

“Samaki inaoshwa,” akasema. “Mulango ikivunjika, haioshwe.”

Kesho yake Mama Zawadi akaja nyumbani na wenzake wawili, na pesa zao zimefungwa kwenye pembe ya kitenge. Hazikufika bei. Zilitosha kwa hospitali, kwa nauli hazikutosha. Mama akaanza kukunja kanga yake, nikaona mambo yanaharibika. Lakini Mama Zawadi akasema:

“Mzee, mutu akipewa ng'ombe, ikizaa anarudisha ndama kwa mwenye kumupa. Si ndiyo?”

“Ndiyo.”

“Basi gari hii ndama yake ni safari. Safari ya kwanza ni yako. Kaka yangu ni shofa. Atakupeleka kwa macho, atakungojea, atakurudisha. Samaki itaanza nyuma yako.”

Papa akasimama, akanyoosha mkono mbele yake, kidogo upande usio sahihi, na Mama Zawadi akausogelea akaushika.

Safari hiyo nilikwenda kama msaidizi wa Mkurugenzi. Sitaeleza hospitali, maana sikuona mengi. Niliogopa kuliko mgonjwa. Nitaeleza asubuhi waliyomtoa bandeji machoni. Tulikuwa uani, familiale imeegeshwa juani, nimeiosha kuanzia juu. Papa akatoka akiwa ameshikwa mkono na muuguzi, akauachia ule mkono. Akatembea mwenyewe mpaka kwenye gari. Akaliangalia galeri, kapo, taa, akapitisha kidole kwenye rangi. Kisha akaniangalia mimi, kwa muda mrefu, kuanzia juu.

“Na huyu shofa mwenye ndevu tatu ni nani?”

“Ni mimi, Papa.”

“Wewe?” Akanisogelea, akanishika kidevu kama alivyoshika rangi. “Gaspard aliyenipa gari! Nani alikuruhusu kukua?”



Sasa nimestaafu. Familiale inapita barabara ya Rubona kila asubuhi, inanuka samaki, inang'aa. Mama Zawadi, ingawa alilipa, beseni likimponyoka huapa kwa jina la Papa, na Papa akisikia hujifanya hajasikia. Anaendesha minibus ya jirani siku za mapumziko ya Mkuu wa Usafiri, na akina mama wenye mabeseni hupanda bila matusi. Mkiniuliza kazi ilinifundisha nini, nitawaambia nyinyi anzeni juu, maji yatajua pa kwenda. Mengine bado ninayafikiria.

Ila ile asubuhi ya hospitali haikuishia pale. Papa alipanda kiti cha mbele, mimi nikarukia nyuma kwa furaha, nikavuta mlango. Paa! Mtoto wa mtu mwingine akalia dirishani huko juu. Papa akageuka. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili aliniangalia moja kwa moja machoni, na macho yake yalikuwa mekundu na maangavu.

“Shofa,” akasema. “Rudia.”

Nikafungua mlango, nikaweka kiganja.