Diski Iliyokwaruza Nyumbani Kanyakine

Kompyuta ya Baba ilitupwa na ofisi moja mjini Meru katika ile miaka ya tisini. Nikaiokota, nikaifufua, nikaipeleka nyumbani Kanyakine ili mwalimu huyo mstaafu aandike methali za Kimeru, asije akazikwa nazo. Aliizoea upesi. Shida ilikuwa diski iliyotunza maandishi. Kila alipohifadhi mstari ilikwaruza kama kuku aliyefungiwa stoo, na nyumba yetu ya mbao haikuficha sauti.

Mimi ndimi fundi wa ukoo, na fundi akisikia mkwaruzo ule huanza kuiaga diski. Jumamosi moja nikaja na diski mpya, ndogo, kimya kabisa. Nilitarajia kubebwa juu juu.

"Hiyo mpya rudisha," Mama akasema mlangoni. "Hii iko sawa."

"Mama, itakufa na methali zote."

"Wacha ikufe ikitaka. Usiguse mashine ya Mwalimu."

Hasira zilinipanda. Mwanamke huyu hakuwahi kuipangusa hiyo kompyuta hata vumbi, leo amegeuka mhandisi! Nikamfuata jikoni, ng'ambo ya ua, nimwoneshe nani fundi. Nilimkuta akichambua maharagwe pale mlangoni penye baridi, na huku moto unawaka vizuri nyuma yake. Nikamwuliza kwa nini hasogei motoni.

"Huko siskii."

Kutoka chumbani kwa Baba ikaja sauti: krrr. Mama akaendelea kuchambua.

"Ile siku baba yako alianguka kwa kahawa, ule moyo wake ukimsumbua," akasema, "nilikuwa tu hapa napika. Akalala huko shambani mpaka jioni na mimi sijui. Sasa hiyo kitu ikilia, najua ako mzima."

Nilimpenda mama yangu wakati ule hadi nikashindwa kumtazama, nikavuta kigoda, nikachambua maharagwe pamoja naye huku nikiwaza. Nikiiacha ile kuukuu, methali zitapotea. Nikiitoa, Mama atakuwa anavuka ua mchana kutwa, roho mkononi.

Mwishowe nilifunga zote mbili. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mpya ilitunza methali, ya zamani ikabaki kupokea nakala tu. Nilitaka kuipanga kompyuta ijihifadhie nakala yenyewe kila baada ya dakika chache. Kidole kilikuwa tayari hewani nikashtuka. Ingekwaruza vilevile hata kama Baba ameanguka sakafuni. Basi nikaiachia kazi hiyo mikono yake.

Nilimwita nimfundishe. Habari za Mama sikumwambia. Niliona si zangu kusema.

"Baba, ukimaliza mstari, bonyeza hapa, nakala iingie kwa ile ya zamani."

"Na hii mpya ni ya nini?"

"Methali ziko kwa mpya. Hii nyingine ni ya usalama tu."

Akavua miwani, akatazama dirishani, kule jikoni.

"Usalama wa mama yako," akasema polepole. "Kwani ulidhani sijui? Mimi hubonyeza hata siku sina cha kuandika."