Rosela Isiyoona Moto

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ndogo ya Rumonge, Shefu, yaani bosi wetu, alinipa vifuniko vya masikio na beseni la barafu. Juu ya meza, fimbo ya chuma ilikuwa imezama ndani ya glasi yenye maji na maua ya rosela yaliyokaushwa. Akabonyeza swichi. Mashine ile hutoa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Kilichotufikia ni mlio mwembamba tu. Majini huzaliwa vipovu vidogo sana, na vikipasuka hupasua ngozi ya ua. Hapo hutoka antosianini, yaani ile rangi nyekundu yenye faida mwilini. Lakini mawimbi huleta joto, na joto likizidi rangi inakufa. Barafu ilikuwa ya kuzuia hilo.

"Maji tunachemsha kwanza, yapoe," alisema Shefu. "Ua lenyewe lisione moto. Umesikia?"

Nilisikia. Yeye ndiye aliyesahau.

Rumonge ni mji wa mawese; hapa karibu kila kitu huchemshwa kabla ya kuuzwa. Tulipopeleka juisi sokoni, Mama Zaituni, aliyetuletea maua kutoka Gatete, alicheka.

"Weye, kitu haikupikwa, nani atakunywa? Unataka kutuua?"

Mitungi ilirudi imejaa. Shefu akaniita.

"Kesho chemsha juisi. Isipouzwa, nauza mashine."

"Shefu, tukichemsha, mashine itabaki ya nini?"

"Ya kuuza, basi!"

Sikuchemsha. Asubuhi nilibeba mtungi hadi sokoni, nikafanya kama anavyofanya kwetu mtu anayemkaribisha mgeni kinywaji: nikajimiminia mimi kwanza, nikanywa, macho yangu kwa Mama Zaituni. Kisha nikampa kikombe kile kile. Kukikataa kungekuwa kunitukana mbele ya soko zima.

Akanywa. Akakunja uso.

"Iko kali hii! Ongeza," akasema, akinisogezea kikombe tena.

Wengine nao wakaomba. Nilirudi na mtungi mtupu, na mashine haikuuzwa.

Baadaye nilihamishiwa karakana ya Nyanza-Lac. Mkurugenzi wa huko naye akataka juisi ipitie sufuriani. Nikamwambia atafute mpishi, nikaacha kazi. Tangu hapo miguu haijatulia. Nimezunguka ufuko huu wote wa ziwa na rosela yangu, na mlio wa karakana ile bado naukumbuka. Watu huniuliza, mtu wa miaka arobaini na kitu anastaafu vipi? Nimestaafu kwa mabosi. Kwa rosela sijastaafu.

Nanyi vijana mnaoanza kazi hii, mtaamriwa kuchemsha. Kataeni. Wakisema watu hawatakunywa, kunyweni nyinyi kwanza, mbele yao.