Hoho za Kujazwa Mchele Kule Ruiru

Tulikuwa wanne: mimi Wangari wa Makongeni ya Thika, Wambui mke wa ndugu yangu, Nyambura mtoto wa marehemu dada yangu, na Mama Kimani wa Ruiru, anayesimamia akina mama wanaopika harusi za kanisa lao. Nyambura alikuwa amerudi kutoka Ugiriki, ambako alitunza mama mzee mpaka akafariki. Kazi hakuwa nayo. Mama Kimani alisema akionja chakula cha huko na kikimpendeza, atamwingiza kwa kikundi. Ndio mimi na Wambui tukatoka kumsaidia Nyambura.

Asubuhi tulipitia soko la Thika kuchagua nyanya kubwa na hoho za kusimama zenyewe. Wambui alibonyeza kila nyanya mpaka muuzaji akamuuliza, "Mama, unanunua ama unakamua?"

Barabarani, mpaka tukapita Juja, Nyambura alihesabu hoho kikapuni tena na tena. Nikajua ana hofu.

Ruiru tulipokelewa na chai. Nyambura alitoa nyama ya ndani ya nyanya kwa kijiko, akachanganya na mchele mbichi, kitunguu, dania na mafuta. Alituonyesha kujaza, kisha akatoka kuwasha jiko. Wambui akaona nyanya zimeachwa nafasi juu, akasema kwetu mgeni hapewi kikombe nusu. Za kwake akazishindilia mpaka mdomoni. Sufuria ikawekwa makaa chini na juu ya kifuniko, vile tunapika keki.

Mchana tulifunua. Hoho zilikuwa zimesimama vizuri, lakini nyanya za Wambui zote zimepasuka, mchele uko nje. Nyambura akakaa chini, mkono shavuni.

"Ni mimi," Wambui akasema. "Msichana alikuwa ameacha nafasi."

Mama Kimani alivuta sahani. Alichota nyanya iliyopasuka, akala. Akachukua hoho, akala yote, na kwake chakula bila nyama huwa ni cha mgonjwa.

"Unaweza kufundisha wamama wangu kuacha hiyo nafasi?" akamuuliza Nyambura.

"Naweza, maitu," Nyambura akasema, akimwita mama kwa Kikuyu.

"Basi kuja Ijumaa na aproni. Na huyu Wambui umpatie vitunguu tu."

Jioni tukirudi, Nyambura aliongea mpaka Thika. Alisema mama yule wa Ugiriki alizipenda hizi za kujazwa zikiwa zimelala mpaka kesho yake. Asubuhi nilikula yangu iliyobaki, baridi, na kweli ilikuwa tamu zaidi. Nimejifunza na uzee huu: mchele ukiiva bado unakua ndani, usiubane.

Mliokuwa pale, mkiona nimechanganya jambo, nisahihisheni bila kuogopa mvi zangu.