Aliyekata Flambwaya

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu bwana yangu, simpendi, na sioni sababu ya kuficha. Ugomvi wetu ulianzia kwenye flambwaya, mti wa maua mekundu ambao bwana yangu aliupanda mbele ya nyumba yetu hapa Songo. Siku anakufa, mti ulikuwa umeshaota ovyo. Matawi yalilala juu ya mabati, na upepo wa ziwa ukija yalikwaruza mpaka meno yananiuma.

Kiangazi cha kwanza cha ujane wangu, shemeji akaja na panga. "Shemeji, acha nikusaidie." Nikamshukuru, mjinga mimi! Nikampikia ugali na ndagala, nikampa na kiti cha bwana akalie. Mwaka wa pili vilevile. Alichagua Jumamosi, saa watu wamejaa barabarani, na yeye, kutoka juu ya mti, alimsalimia kwa sauti kila aliyepita: "Tuko tunatengeneza hapa kwetu!" Mimi jikoni nilicheka. Nilidhani ni furaha tu ya mtu anayependa kazi.

Hapa kwetu parsele nyingi, viwanja tulivyojengea, hazina karatasi za maana. Ugomvi ukitokea, shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, anawauliza majirani: huu mti nani aliupanda, na nani anaukata kila mwaka? Jibu lao ndilo linaloamua nyumba ni ya nani. Hayo ninayajua tangu utoto, lakini kilio kilikuwa kimenifunga macho.

Kiangazi cha tatu akaja na mtu nisiyemjua, wakaanza kupima uwanja wangu kwa hatua, bila hata hodi. Nikauliza kuna nini.

"Huyu iko mununuzi," akasema, macho makavu kabisa. "Weye utarudi kwenu na batoto. Uliza majirani nani anakataka huu muti."

Nikamkimbilia jirani wa ng'ambo ya njia, mama ambaye tunaazimana chumvi kila wiki. Akatazama chini. "Dada, tukiulizwa tutasema nini? Ni yeye tulimuonaka." We! Nilitamani kumzaba kofi.

Jumamosi iliyofuata sikumngoja mtu. Nilivaa suruali ya marehemu, nikafunga kitenge juu yake, nikapanda na panga na msumeno. Barabara nzima ikacheka. Mjane juu ya mti! Mmoja akasema nimerukwa na akili. Chekeni, nikawaambia, lakini mutazame vizuri.

Shemeji akaja mbio, yule mnunuzi nyuma yake. "Shuka! Unatuletea haya!"

Nikaangusha tawi karibu na miguu yake. Mungu anisamehe, nililenga. Na unajua alifanya nini? Akaanza kuyavuta matawi niliyoyakata, akiyapeleka barabarani mbele ya watu, ili na yeye aonekane yuko kazini! Hasira ilinipanda. Nikakata yaliyolala juu ya mabati. Nikakata na yale mazima yasiyomsumbua mtu. Sikupumzika hata kunywa maji.

Mchana shefu akafika, ameitwa na shemeji mwenyewe. Akawauliza majirani. Yule mnunuzi alikuwa ameshaondoka bila kuaga. Halafu mama wa ng'ambo akasogea mbele, sauti ndogo: "Leo sisi wote tumemuona mama. Na aliyeupanda ni bwana yake."

Shefu akatamka mbele ya wote kwamba parsele ni yangu na watoto wangu, na shemeji asionekane tena hapa na panga. Shemeji akatema mate chini, akaenda zake. Mimi nikashuka, magoti yamechubuka.

Shefu akabaki anautazama mti. Hakukuwa na tawi hata moja, shina tupu limesimama. Akatikisa kichwa.

"Lakini mama, mti wa bwana yako, mbona umeukata hivi?"

"Ili mwaka ujao asikute kitu cha kukata," nikamjibu, na hapo ndipo machozi yaliponitoka.