Nukta Iliyorudi Kajaga

Fundi umeme Tajudini wa Buyenzi alikuwa mtu wa maneno machache, na asubuhi ile alifika kwa Mama Jokha mapema. Mdogo wake Hamimu alikuwa ametoka jana na boti ya Mama Jokha kuvua ndagala, wale dagaa wa Tanganyika. Upepo ulivuma hadi alfajiri. Boti nyingi zilikuwa zimesharudi, yake bado.

Mama Jokha aliishika simu kwa mikono miwili. Humo nukta nyekundu ilionyesha mahali boti ilipo, kwa kifaa alichokifunga Tajudini mwenyewe juma lililopita.

"Inakuja! Ona, inaingia Kajaga. Fundi, we ni mutu kabisa!"

"Alhamdulillahi," akanong'ona Tajudini.

Wakakimbilia ufukweni. Nukta ikasogea, ikagusa mchanga. Boti iliyoingia ilikuwa ya Abdu, mvuvi mwenzake Hamimu.

Tajudini akaishika ncha ya boti.

"Abdu, Hamimu iko wapi?"

"Kwani hajarudi? Betri yetu ya taa ilikufa, akatuazima yake. Hii hapa."

Ubavuni mwa betri, kile kifaa kilikuwa kikikonyeza taa yake. Tajudini alikuwa amekifunga hapo kipate umeme, akasahau jambo analolijua kila mvuvi wa Tanganyika: ziwani betri haina mwenyewe. Mwenzio akikwama, unamvushia yako.

Mama Jokha akawapigia askari wa ziwani. Wakauliza urefu. Mita nane. Mashine? Nguvu za farasi kumi na tano. Rangi? Buluu.

"Mama, za namna hiyo ziko mia," sauti ikajibu. "Iko upande gani?"

Mama Jokha akamtazama Tajudini. Tajudini akamgeukia Abdu.

"Tulimwacha mbele ya Gatumba," alisema Abdu. "Upepo ulikuwa unasukuma kwa Wakongomani."

"Twende huko," akasema Tajudini.

"We? Si unaogopa hata maji ya beseni?"

"Naogopa. Washa mashine."

Akapanda, vidole vimeng'ang'ania ubao. Saa nzima, maji matupu. Kila gogo lililoelea alilidhani boti iliyopinduka, akafumba macho mpaka Abdu aseme, "Apana, si yeye." Mwisho Abdu akazima mashine ili wasikilize. Mawimbi tu. Halafu, mbali sana, mtu akipiga bidoni tupu ya petroli: ko, ko, ko.

"Hamimu!"

Bidoni ikanyamaza. Tajudini akaita tena, na tena, akiogopa kuacha.

Ko, ko, ikajibu.