Ndoo ya Maji ya Mbolea

Mwaka mmoja kabla ya mauaji ya sabini na mbili, pale Rumonge nchini Burundi, jambo kubwa lililotugombanisha na jirani lilikuwa nyanya za mchuzi. Nikikumbuka leo naona tulikuwa na bahati, kugombania kitu kidogo namna ile.

Udongo wa uani kwetu ulikuwa umetushinda; nyanya zilinyauka kila zilipokaribia kuzaa. Mama akatumia akili yake. Alijaza mchanga wa ziwani katika madebe ya mawese, akapanda humo, akawa anamwagilia maji aliyoloweka mavi ya mbuzi. Yaliyochuruzika chini aliyakinga kwa beseni, akayarudisha kwenye ndoo na kuyamwagilia tena kesho yake. Kumwaga maji ya mbolea kwake ilikuwa dhambi. Yaliyobaki jioni alimpelekea jirani, mama mmoja aliyetoka Kongo na mumewe mvuvi; mama huyo naye alikuwa na madebe yake kama sisi.

Kila asubuhi jirani huyo alipita kwetu, akashika majani na kuyasifu. Siku moja mchana mche ukalegea, majani yakiwa bado ya kijani. Jioni ukainuka, siku ya tatu ukafa. Mingine ikafuata. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na ulimi hauna mfupa. Nikasema kwa sauti, ipite ua wa matete, kwamba wanaosifu sana vitu vya watu wana jicho baya. Alisikia, wala hakupita tena kwetu.

Mama akamwita monitere, yule afisa wa serikali aliyewashauri wakulima. Yule bwana alikata shina la mche mgonjwa, akalining'iniza katika glasi ya maji safi, akatuambia tutulie tuangalie. Nyuzi nyeupe zikaanza kushuka kutoka kwenye shina, kama maziwa.

"Munatafuta muchawi?" alisema. "Muchawi wenu iko hii ndoo."

Akatueleza kwamba ugonjwa ulikuwa ndani ya maji, na kila tuliporudisha yaliyochuruzika tuliutoa debe gonjwa kuupeleka debe zima. Tung'oe miche yote tuichome, tumwage mchanga, madebe na kisu tuvioshe kwa maji yanayochemka. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tukikitafuta kwa jirani.

Mama hakusikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anatazama ua wa matete.

"Wewe ndiye ulimutukana," aliniambia. "Wende umuombe musamaha. Na umuambie asimwagie tena ile maji."

Nilikwenda, nikamwomba msamaha na kumweleza habari ya maji. Jirani alinipokea vizuri, akanipeleka nyuma ya nyumba. Madebe sita yalikuwa na vijiti vikavu tu. La saba lilikuwa na mche mzima, nyanya zake zimeanza kuiva.

"Hii moja nilikuwa naipatia maji ya ziwa," alisema. "Zile zingine zilipata ya kwenu, zikakufa pamoja na zenu."

Kumbe alijua siku zote, hata siku ile niliyomwita mwenye jicho. Nikamuuliza kwa nini hakunijibu.

"Mutoto wangu, mama yako ananiletea maji kila mangaribi. Nitamuambia zawadi yake iko mubaya?"

Nililia palepale, kwa aibu. Yeye akachuma nyanya mbili zilizoiva vizuri, akanipa nimpelekee mama atoe mbegu.